Kupunguza kilo: kuacha bugali kunaweza kusaidia, lakini bugali si mkosaji wa kwanza

Mtu anayetaka kupunguza kilo mjini Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia anapata shauri moja kabla ya yote: acha bugali. Anaambiwa hivyo na jirani, na mwenzake wa kazi, na sauti zinazozunguka kwenye WhatsApp, na wauzaji wa chai za kukondesha. Acha bugali, acha mchele, acha viazi, acha mkate. Kula nyama, mayai na mboga, na baada ya mwezi mmoja suruali itakuwa kubwa. Wengine wanajaribu, na kweli mizani inashuka. Baada ya miezi michache wengi wao wanarudi kwenye sahani ya zamani, na kilo zinarudi pamoja nao.

Jambo hili linastahili jibu la wazi, kwani kilo nyingi si mambo ya urembo peke yake. Zinaenda pamoja na tansio, ugonjwa wa sukari wa aina ya pili na maumivu ya magoti. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linahesabu kwamba mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni moja duniani walikuwa na unene wa kupita kiasi. Miji ya mashariki ya Congo haiko nje ya hesabu hiyo, hata kama vita na njaa ndivyo vinavyozungumzwa zaidi, na ni haki vizungumzwe.

Je, kukata vyakula vya wanga kunarahisisha kupunguza kilo? Jibu ni ndiyo, kwa watu fulani na kwa muda fulani. Lakini si kwa sababu bugali una nguvu ya pekee ya kunenepesha. Utafiti wa zaidi ya miaka 20 unaonyesha kwamba kilo zinapungua pale mtu anapokula kidogo kuliko mwili wake unavyotumia, kwa mpango ambao anaweza kuushika mwaka mzima. Katika nyumba nyingi za mashariki ya Congo, mpango wa namna hiyo hauwezi kuanza kwa kuondoa bugali mezani.

Neno moja, vyakula vingi

Wanga, ambao waganga wanauita kwa Kifaransa glucides, ni sehemu ya chakula ambayo mwili unaigeuza kuwa sukari ya damu, kisha unaichoma kama makala kwenye jiko. Uko ndani ya muhogo, mahindi, mchele, viazi, ndizi, mkate na mandazi. Uko pia ndani ya maharagi na matunda. Na sukari inayotiwa katika chai ao katika chupa ya sukre nayo ni wanga.

Hapo ndipo kosa la kwanza linaanzia. Neno moja linaweka pamoja sahani ya maharagi na chupa ya Fanta, wakati mwili hauvipokei kwa namna moja. Maharagi yana protini na nyuzinyuzi, yanakaa tumboni kwa muda, na sukari yake inaingia katika damu polepole. Sukari ya chupa inaingia mbio, na njaa inarudi mbio vilevile.

Kosa la pili ni kufikiri kwamba wanga ndio chakula kizito kuliko vyote. Gramu moja ya wanga inabeba kalori 4, sawa na gramu moja ya protini. Gramu moja ya pombe inabeba kalori 7, na gramu moja ya mafuta kalori 9. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya mawese kina karibu kalori 120. Mama akimimina mafuta ndani ya sombe bila kupima, anaweza kuongeza kalori nyingi kuliko zile ambazo bwana wake anafikiri amezipunguza kwa kuacha kipande cha bugali.

Kilo za wiki ya kwanza

Wanaotetea rejime hii wanaonyesha mizani. Siku tano bila bugali, kilo mbili zimekwenda. Wanasema kweli, lakini inafaa kujua ni kitu gani kimekwenda.

Mwili unaweka akiba ndogo ya wanga ndani ya ini na misuli, karibu nusu kilo kwa mtu mzima. Kila gramu ya akiba hiyo inashika karibu gramu 3 za maji. Mtu akiacha wanga kwa ghafula, mwili unatumia akiba, na maji yaliyokuwa yameshikwa yanatoka kwa mkojo. Ndiyo maana kilo moja ao mbili zinaondoka katika siku chache. Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji. Mafuta ya tumboni bado yako karibu yote.

Mafuta yanatoka polepole zaidi. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina akiba ya karibu kalori 7700. Mtu anayekula kalori 500 pungufu kila siku anahitaji karibu wiki mbili kuimaliza. Hakuna chai wala kidonge cha sokoni kinachofuta hesabu hiyo. Chai inayoharisha inatoa maji na choo, haitoi mafuta.

Jambo hili linaeleza pia kwa nini watu wengi wanakata tamaa. Mtu akirudi kula bugali siku moja ya sherehe, akiba inajaa tena, maji yanarudi, na asubuhi mizani inaonyesha kilo moja zaidi. Anasema mwili wake haupatani na bugali. Kumbe ni maji yaliyorudi mahali pake. Mtu asiyejua hilo anaacha mpango mzima siku hiyo hiyo.

Watafiti walipopima

Wazo la kukata wanga si la jana. Mwaka 1863, William Banting, mtengeneza mazishi wa London, alitoa kijitabu akieleza namna alivyokonda kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Mwaka 1972, daktari Robert Atkins wa Marekani alilirudisha wazo hilo kwa kitabu kilichouzwa sana. Tangu hapo watafiti wamelipima mara nyingi.

Mwaka 2003, utafiti mmoja wa Marekani uliwafuata watu 63 waliogawanywa makundi mawili. Baada ya miezi 6, waliofuata rejime ya Atkins walikuwa wamepoteza asilimia 7 ya uzito wao, na waliofuata rejime ya kawaida asilimia 3 na kitu. Tofauti ilikuwa kubwa. Baada ya mwaka mmoja ilikuwa imepungua sana, na watafiti hawakuweza tena kusema kwamba kundi moja limelishinda lingine.

Mwaka 2009 ulikuja utafiti mkubwa zaidi, wa watu 811 na rejime nne. Wengine walipangiwa kupata asilimia 65 ya kalori zao kutoka kwa wanga, wengine asilimia 35 tu. Baada ya miaka miwili, makundi yote yalikuwa yamepoteza karibu kilo 4.

Mwaka 2018, Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatwa kwa miezi 12. Kundi moja lilipunguza mafuta, lingine lilipunguza wanga. Makundi yote mawili yaliambiwa kuacha sukari na unga mweupe na kula mboga nyingi, bila kuhesabu kalori. Mwishoni, waliopunguza mafuta walikuwa wamepoteza kilo 5,3, na waliopunguza wanga kilo 6. Kwa watafiti tofauti hiyo si kitu. Ndani ya kila kundi, lakini, walikuwako watu waliopoteza kilo zaidi ya 20 na wengine walioongeza kilo.

Haki inadai kusema upande wa pili pia. Katika utafiti uliofanywa Israeli na kutolewa mwaka 2008, watu 322 walifuatwa kwa miaka miwili. Waliokata wanga walipoteza kwa wastani kilo 4,7, na waliokata mafuta kilo 2,9. Hakuna msingi, basi, wa kumcheka mtu anayesema rejime hiyo imemsaidia. Wako watu wanaoona ni rahisi zaidi kuacha kitu kizima kuliko kukipima kila siku, na kwao njia hiyo inafaa.

Lakini sababu inayotolewa kwa kawaida haishiki vizuri. Inasemwa kwamba wanga unapandisha insulini, insulini inafungia mafuta mwilini, kwa hiyo mtu anayekula wanga atasikia njaa na kunenepa. Kevin Hall na wenzake wa taasisi ya afya ya taifa ya Marekani walilipima jambo hilo na kutoa matokeo mwaka 2021. Waliweka watu 20 ndani ya hospitali kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa chakula chenye wanga mwingi kutoka kwa mimea na mafuta kidogo, wiki mbili nyingine chakula chenye nyama, mayai na mafuta mengi, karibu bila wanga. Kila mtu alikula mpaka aliposhiba. Katika wiki za wanga, insulini ilipanda zaidi baada ya chakula, lakini watu walikula karibu kalori 700 pungufu kwa siku.

Mfano mwingine unatoka Uingereza. Katika utafiti uliotolewa mwishoni mwa mwaka 2017, watu wenye ugonjwa wa sukari wa aina ya pili walipewa kwa miezi kadhaa chakula cha unga wa kukoroga, chini ya kalori 900 kwa siku. Zaidi ya nusu ya kalori hizo zilikuwa za wanga. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 yao walikuwa wametoka katika kipimo cha ugonjwa bila dawa, kwa kuwa walikuwa wamepoteza kilo nyingi. Wanga haukuwazuia.

Kwa nini basi mtu anayeacha bugali anakonda? Mara nyingi ni kwa sababu pamoja na bugali ameacha mandazi ya asubuhi, sukari ya chai, sukre ya mchana na bia ya jioni. Ni kwa sababu protini na mboga zinashibisha. Na ni kwa sababu amepata kanuni moja nyepesi inayomzuia kula ovyo. Faida ni ya kweli. Ila sifa wanapewa wasiostahili.

Bugali wa wazee na bugali wa mjini

Wasomaji wengi wana mama mkubwa ao babu kijijini aliyekula bugali wa muhogo, viazi vitamu na maharagi maisha yake yote, na hajawahi kuwa na tumbo. Huko mbali, katika kisiwa cha Okinawa nchini Japani, wakaaji wa miaka ya 1950 walipata sehemu kubwa ya chakula chao kutoka kwa viazi vitamu. Walikuwa wembamba na walijulikana kwa kuishi miaka mingi. Kama wanga peke yake ungekuwa unanenepesha, watu hawa wangekuwa wanene kuliko wote.

Mzee wa kijijini anapanda mlima na jembe begani, anachota maji, anabeba mzigo mpaka sokoni. Sahani yake inalipwa na kazi yake. Mtoto wake wa mjini anapanda pikipiki kwenda kazini, anakaa bironi ao dukani mpaka jioni, na anarudi kwa pikipiki. Bugali umebaki ukubwa ule ule. Halafu vimeongezeka vitu ambavyo mzee hakuvijua: sukre, mkate mweupe, viazi vya kukaanga, biskuti, supu ya vipakiti, mafuta ya kila chungu.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha. Chupa ya sukre ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, sawa na vijiko vidogo 8 ao 9. OMS inashauri mtu mzima asipite gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na inasema itakuwa vizuri zaidi akibaki karibu gramu 25. Chupa moja, basi, inamaliza kipimo hicho cha pili na kukipita.

Bia kubwa ya sentilita 72 ina karibu kalori 300. Bia mbili ni kalori 600, sawa na bugali uliosongwa kwa gramu 170 za unga wa muhogo. Na bugali unashibisha, bia inaleta hamu ya brosheti. Baba anayekataa bugali wa mke wake saa moja ya jioni, kisha anaketi na wenzake mpaka saa nne ya usiku, hajakata kitu. Anayekunywa kasiksi naye asijidanganye kwamba ni juisi ya ndizi tu. Pombe ni pombe, na kalori zake zinahesabiwa.

Kevin Hall alipima pia vyakula vya kiwanda, mwaka 2019. Watu 20 walipewa wiki mbili za vyakula vya kiwandani na wiki mbili za vyakula vya kupikwa kutoka shambani. Wanga, sukari na mafuta vilivyowekwa mezani vilikuwa karibu sawa. Kwa vyakula vya kiwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kila siku na kuongeza karibu kilo moja katika siku 14. Kwa mtu wa Kivu ao Ituri hiyo ni habari njema, kwani sombe, lengalenga, maharagi na sambaza bado vinauzwa sokoni bila kupita kiwandani.

Nani analipa rejime hii

Kuna jambo ambalo video za rejime hazisemi. Nyama, mayai na jibini mara tatu kwa siku ni chakula cha mtu mwenye pesa. Katika nyumba ya watu 8, bugali ndio unaowawezesha wote kulala wakiwa wameshiba. Nyama, ikipatikana, inakatwa vipande vidogo ili kila mtoto apate harufu yake.

Mtu mmoja akitangaza kwamba hali tena wanga, mzigo unaangukia mama wa nyumba. Anapaswa kupika vyungu viwili, kuwasha makala mara mbili, na kuchagua ni nani atakayepata yai. Mara nyingi anayefuata rejime ni baba, na yai linatoka kwenye sahani ya mtoto. Kilo za mkubwa haziwezi kupunguzwa kwa protini ya mtoto anayekua. Neno hili ni gumu, lakini lazima lisemwe katika nchi ambamo watu zaidi ya milioni 25 wanahesabiwa kuwa katika njaa kali.

Mahali ambapo barabara za mashamba zimefungwa na vita, shauri la kuacha bugali linaweza hata kusikika kama matusi. Nyumba moja inatafuta namna ya kupunguza kilo, na nyumba ya pili, hatua chache tu, inakula mara moja kwa siku. Hali hizo mbili zinakaa katika mtaa mmoja, na wakati mwingine katika familia moja. Shauri zuri la afya linapaswa kuweza kusemwa mbele ya nyumba zote mbili bila aibu: chakula cha shamba kwanza, mboga nyingi, maharagi, mafuta kwa kipimo, sukari na pombe kidogo.

Hatari kwa wagonjwa wa sukari

Kwa kundi moja la watu, kukata wanga kwa ghafula kunaweza kuleta hatari ya papo hapo. Ni wagonjwa wa sukari wanaotumia insulini ao vidonge kama glibenclamide. Dawa hizo zinashusha sukari ya damu hata pale mtu asipokula. Muganga alipanga kipimo chake akijua mgonjwa anakula bugali. Mgonjwa akiacha bugali na kuendelea na kipimo kile kile, sukari inaweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa, mwisho kuzimia.

Ni kweli kwamba kupunguza wanga kunaweza kumsaidia mgonjwa wa sukari, hasa katika miezi ya kwanza, na wengine wanaweza kupunguziwa dawa. Lakini dawa inapunguzwa na muganga anayepima damu, si na shemeji aliyetuma video. Mtu wa aina hiyo aende kwanza kwenye kituo cha afya, aeleze anachotaka kufanya, na apimwe mara kwa mara wakati wa kubadilisha chakula.

Mama mwenye mimba, mama anayenyonyesha, mtoto na mgonjwa wa figo nao wasianze rejime kali kwa kujiamulia. Na mtu anayekonda bila kutafuta kukonda asishangilie. Kifua kikuu, ugonjwa wa sukari wenyewe na virusi vya UKIMWI vinaweza kuanza kwa namna hiyo. Huyo ahitaji vipimo, si pongezi.

Kinachoweza kushikwa mwaka mzima

Kwa mtu mzima asiye katika makundi hayo, kazi inaweza kuanza leo na chungu kile kile cha nyumbani. Kwanza, sukari: chai kwa kijiko kimoja, kisha nusu, kisha bila. Maji badala ya sukre. Pili, bia: anayekunywa kila jioni arudi kwenye siku moja ao mbili kwa wiki. Tatu, mafuta: yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa. Nne, mandazi ya asubuhi: ndizi moja ao viazi vitamu vya kuchemsha vinafanya kazi ile ile kwa mafuta kidogo.

Kisha sahani. Nusu yake iwe mboga: sombe, lengalenga, matembele, kabichi. Robo moja iwe maharagi, sambaza, ndagala, yai ao nyama. Robo inayobaki iwe bugali, mchele ao viazi. Kwa watu wengi hiyo ni nusu ya bugali wanaokula sasa. Huko pia ni kukata wanga, ila mtu anabaki mezani na watoto wake, na mama anapika chungu kimoja.

Kutembea kuna nafasi yake. Dakika 30 kwa siku haziwezi kufuta bia tatu, lakini zinasaidia moyo na sukari ya damu, na zinamsaidia aliyepungua asirudi nyuma.

Na lengo liwe la ukweli. Mtu wa kilo 90 akipoteza asilimia 5 ya uzito wake, ni kilo 4 na nusu. Mtaani hakuna atakayemwita mwembamba. Lakini kipimo kama hicho kinatosha mara nyingi kushusha tansio na sukari ya damu. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Anayeahidi kilo 10 kwa wiki tatu anauza maji.

Anayeona ni rahisi zaidi kuacha bugali kabisa hakatazwi, kama afya yake inaruhusu na mfuko wake unatosha. Ajiulize swali moja kabla ya kuanza: je, ataweza kula hivyo Noeli ijayo, na ile inayofuata? Kama jibu ni hapana, kilo zitamsubiri mlangoni.

Kazi ya viongozi wa afya

Haifai kuwaachia wananchi peke yao kazi ya kuchagua kati ya muganga na muuzaji wa chai. Vituo vingi vya afya vinapima watoto, mikono yao na uzito wao, kwa kuwa utapiamlo unawaua. Kazi hiyo iendelee. Lakini mama anayemleta mtoto kupimwa anaweza kupimwa tansio siku hiyo hiyo, na kupewa dakika tano za mashauri ya chakula. Inahitajika mizani, mkanda wa kupimia na mtu aliyefundishwa. Watu hao wapo: ISTM zinafundisha lishe, na wengi wanaomaliza wanabaki bila kazi.

Redio za mitaa, ambazo ndizo zinazosikilizwa mpaka vijijini, zinaweza kuwapa wataalamu hao saa moja kwa wiki kwa Kiswahili, Kinande, Mashi na lugha nyingine za kwetu. Na viwanda vya vinywaji vingelazimishwa kuandika kwenye chupa, kwa herufi zinazosomeka, idadi ya vijiko vya sukari vilivyo ndani. Bugali hauna matangazo ya kuutetea barabarani. Sukre na bia zina mabango kwenye kila njiapanda.

Kukata wanga kumesaidia watu, na kutaendelea kusaidia wengine. Lakini katika mji ambamo chupa tamu inapatikana kwenye kila kibanda, na muganga wa lishe hapatikani, si haki kuanza na chakula ambacho kimelea familia hizi. Nusu ya bugali inaweza kutoka kwenye sahani ya mtu mzima. Kabla ya hapo, chupa iondoke mezani.